Gauni Jeusi Lililopigwa Pasi Mara Saba

Mke wangu amelipiga pasi gauni moja jeusi mara saba kwa ajili ya onyesho moja, na mara sita za mwanzo onyesho lenyewe halikuwepo. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa naishi na nini. Mimi ni fundi wa friji. Friji likiharibika limeharibika, likipona limepona, na mwenyewe analichukua anakwenda zake. Sijapata kuona friji linaloahidi kupoza baada ya wiki mbili, halafu baada ya wiki mbili nyingine, halafu mara hali itakaporuhusu.

Mke wangu ni mkumbushaji katika ukumbi wa maigizo. Watu wengi hawajui kama kazi hiyo ipo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anakaa pembeni mwa jukwaa, nyuma ya kipande cha pazia, daftari lenye maneno yote ya mchezo likiwa mapajani, na taa ndogo yenye mwanga wa kusomea tu. Mwigizaji akisahau, anampa neno moja au mawili, mchezo unaendelea, na watazamaji wanarudi makwao wakisema yule bwana ana kichwa cha ajabu. Ndiyo maana anavaa nyeusi toka shingoni hadi miguuni. Miaka ishirini na sita amekaa pale, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kumwona wala kumsikia. Wenzake walimsifu kwamba hakuna mkumbushaji mwenye sauti ndogo kama yake, hata waliokaa safu ya kwanza hawaambulii kitu. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba ile sauti ndogo anaiacha kazini, kubwa anakuja nayo nyumbani.

Ukumbi ulifungwa siku nne kabla ya kufunguliwa kwa mchezo mpya. Ugonjwa ulikuwa umeingia mjini, kila kitu kinafungwa, na hilo nalielewa, mimi si mjinga. Nisichokielewa ni Meneja. Meneja wa ukumbi ndiye pia mwongozaji wa michezo, mtu mwembamba anayependa kutangaza mambo, na hakuweza kukaa kimya akasubiri kama wengine. Alifungua kundi la ujumbe kwenye simu akawa anatoa tarehe. "Ndugu zangu, tunarudi baada ya wiki mbili." Mke wangu akatoa gauni, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Wiki mbili zikapita, ukaja ujumbe mwingine: tunasogeza mbele kidogo. Gauni likarudi sandukuni. Mwezi uliofuata, tarehe nyingine, pasi nyingine, gauni mlangoni. Siku mbili kabla, ujumbe: kamati bado inakaa.

Kamati hiyo sikuwahi kuijua ni ya nani, ila nilijua inakaa. Ilikaa mwaka mzima na miezi minne. Ilikuja na futi kupima viti, ikaondoka. Ikarudi kupima tena, kwa sababu mara ya kwanza ilipima viti vikiwa vimekunjwa. Ikapima toka kigoda cha mke wangu hadi jukwaani, ikaandika, ikatikisa kichwa. Na kila mteja aliyeleta friji lake kwangu, akishaeleza kwamba halitoi barafu, alikuwa na swali moja la nyongeza: "Na ule ukumbi wa mama watoto, wanafungua lini?" Kana kwamba ufunguo ninao mimi, nimeuficha kwenye sanduku la bisibisi.

"Wiki mbili," nilikuwa najibu. Nikaacha hata kucheka.

Lakini si tarehe zilizomkosesha mke wangu usingizi. Alikuwa na wasiwasi wa Mzee Radi.

Mzee Radi ndiye mwigizaji mkubwa wa ukumbi ule, na jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti yake. Akikukaribisha chai, jirani naye anajiona amekaribishwa. Ana miaka sabini na mitatu, amefiwa na mkewe, anakaa nyumba ya tatu toka kwetu. Katika mchezo mpya alikuwa hakimu ambaye, siku yake ya mwisho kazini, anaifungua tena kesi aliyoihukumu vibaya miaka thelathini nyuma, na mwisho wa yote anajihukumu mwenyewe. Maneno ni mengi mno, na dakika kumi za mwisho ni zake peke yake.

Kusema kweli nilimwona mtu wa maringo. Ukimsalimia kwa nyuma haitikii. Simu hapokei, hata ipigwe mara ngapi. Mwandikie ujumbe, anajibu papo hapo, na nukta na mkato zimekaa mahali pake. Jukwaani walimsifia anavyowakazia macho wenzake wakizungumza. Gazeti moja liliwahi kuandika kwamba Mzee Radi anasikiliza kwa macho. Alilikata lile gazeti, akalitia fremu, akalitundika sebuleni.

Sasa Meneja, katikati ya tarehe zake, alimwambia mke wangu jambo. Alikuwa na mwigizaji mwingine mkononi, mtu wa makamo, uso wake unajulikana kwa tangazo la sabuni. "Mzee ni mzee," akamwambia. "Sisemi kitu. Lakini akiteleza kidogo tu tukirudi, hakimu ni huyu wa sabuni."

Mke wangu alirudi toka kwa Meneja amefura. Kesho yake saa nne asubuhi Mzee Radi alikuwa uani kwetu, kati ya mafriji yangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mke wangu mita tatu toka kwake juu ya kigoda, daftari mapajani. "Tutakuwa tunapitia maneno kila siku," akaniambia. "Hapa nje, kuna hewa. Wewe utasoma wakili, mshtakiwa, na mlinzi wa mahakama."

"Na friji la watu nitalitengeneza lini?"

"Utasoma huku unatengeneza."

Ikawa ndiyo maisha yangu. Siku hizo mke wangu alikuwa anaosha hata vitunguu kwa sabuni. Mteja akiweka mkono juu ya meza yangu, yeye huyo nyuma na chupa ya kitakasa. Ila saa nne ikifika, mambo yanageuka.

"Fundi, vua barakoa."

"Si wewe uliyenivalisha asubuhi?"

"Kaa hukohuko mbali, lakini vua. Unameza maneno. Na umtazame Mzee usoni unaposema, usiitazame hiyo kompresa."

"Kompresa ndiyo inayotulisha."

"Mtazame usoni, Fundi."

Nikamtazama usoni. Nilimtazama mwaka mzima, huku bomba la gesi liko mkono mmoja. Siku moja mteja aliingia kuchukua friji lake la milango miwili, akamkuta Mzee Radi amesimama, kidole kimemwelekea yeye hasa: "Mahakama hii inakupa kifungo cha miaka kumi na minne." Yule bwana akaniuliza kwa upole kama arudi kesho.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo Mzee alikwama kila mara, karibu na mwisho, hakimu anapokiri. Maneno yanasema hivi: "Mtu yule aliniambia ukweli saa kumi na moja jioni, nami nilikuwa nimechoka, nikataka kwenda nyumbani." Mzee alifika "mtu yule", akasimama. Mke wangu angechezesha midomo, naye angeendelea. Kesho hivyohivyo. Nikawa nayasema maneno yale peke yangu nikibadilisha mpira wa mlango wa friji. Nikawa naota nikiyasema, na mimi sijamfunga mtu.

Tarehe ya saba ilipokuja sikuiamini, na mke wangu aliisoma kwa uso wa mtu anayekunywa dawa, pasi hakuigusa. Gauni lilikuwa limeanza kung'aa kwenye mishono kwa kupigwa pasi bure. Ila safari hii ujumbe ulikuja na karatasi ya masharti, kurasa mbili, na Meneja akapiga simu nyumba moja baada ya nyingine kuhakikisha kila mtu amesoma. Onyesho litakuwa saa tisa alasiri, kwa sababu usiku hairuhusiwi kutoka. Watazamaji sitini tu katika viti mia tatu. Watu watano jukwaani, si zaidi. Waliozidi miaka sabini walete barua ya daktari. Mzee alikwishapeleka barua yake: moyo mzima, mapafu mazima, sukari iko sawa.

Mke wangu alisoma amesimama. Alipofika sharti la saba akakaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu, na ndoo ilikuwa na maji.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

Akanipa karatasi. Sharti la saba: wafanyakazi wote wa pembeni na nyuma ya jukwaa watavaa barakoa za kitambaa muda wote wa onyesho, wataruhusiwa kuvua waliopo jukwaani tu.

"Sasa cha ajabu kipi? Barakoa tunazo droo nzima."

"Mzee Radi hasikii," akasema.

"Hasikii nini?"

"Hasikii, Fundi. Mwaka wa nane huu. Anasoma mdomo."

Nilikaa na mimi, ila nilitafuta pakavu. Mimi ninayeijua kompresa mbovu kwa kuisikiliza toka mlangoni, nimekaa na mtu uani kwangu mwaka mzima, nikamwita mwenye maringo. Kumbe nilikuwa namsalimia mgongo. Nikakumbuka simu zisizopokelewa. Nikakumbuka "mtazame usoni, Fundi". Na lile gazeti kwenye fremu, sijui aliyeandika angejisikiaje.

Akanieleza. Miaka minane nyuma alipata mafua, sauti ikakauka kabisa siku ya onyesho. Mzee akasahau, yeye akachezesha midomo tu kwa kukosa la kufanya, na Mzee akalidaka neno kama ametupiwa mpira. Onyesho la pili sauti ilikuwa imerudi. Akamnong'oneza vizuri kama kawaida, na Mzee akabaki amesimama, hana habari. Akachezesha midomo, akalidaka. Tangu hapo hakumpa sauti tena. Hawakulizungumza siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Wenzake aliokuwa nao jukwaani Mzee aliwasoma midomo pia, ndiyo maana aliwakazia macho. Lakini akisahau ya kwake, ni mdomo mmoja tu uliomwokoa.

"Kwa hiyo ile sifa ya sauti ndogo," nikasema.

"Sauti yenyewe haikuwepo."

"Miaka minane. Na mimi mumeo hukuniambia."

"Ungemwambia mteja wa kwanza kuingia."

Ilikuwa kweli, na iliniuma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.

Saa nne ya kesho yake Mzee alikuja, amevaa shati la mikono mirefu kama mtu anayekwenda kazini hasa, ana furaha, katika masharti amesoma la wazee tu, mwenyewe anasema wiki ijayo saa hizi atakuwa anajipaka poda. Mke wangu hakufungua daftari. Akasogeza kigoda mpaka mbele yake, mbali kidogo, akasema polepole, midomo wazi:

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanataka nivae barakoa. Onyesho zima."

Mzee aliutazama mdomo wa mke wangu muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kuku wa jirani alipita. Nilijifanya natafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi.

"Kumbe ulijua kwamba najua kuwa unajua," Mzee akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mtu yeyote. Halafu akasema, "Basi nimekwisha."

"Hujaisha."

"Nimekwisha, mwanangu. Ningeweza kumwambia Meneja. Nikimwambia, kesho jina langu linabandukwa ukutani, linabandikwa la yule wa sabuni. Atanionea huruma. Ataniomba nikae mlangoni kupima watu joto." Akashika magoti yake. "Mwaka mzima na nusu nimeomba wafungue. Bora wangekaa na kufuli lao."

Nitasema ukweli, nilipandwa na hasira, na sikuwa na mtu wa kumrushia. Miezi kumi na sita tumeisubiri tarehe, watu wametuuliza mpaka midomo imewakauka, tumesoma kesi ile mpaka ningeweza kuajiriwa mahakamani, halafu siku inafika na imebeba kitambaa cha kumziba mtu huyu mmoja. Nikaanza kutengeneza vitu, maana ndicho ninachoweza. Nilichukua droo ya mboga ya friji bovu, plastiki ile inayopitisha mwanga, nikaikata, nikaipasha moto, nikatengeneza barakoa ya kuonekana ndani. Mke wangu akaivaa. Dakika mbili ikajaa ukungu. Alionekana kama kuku kwenye friza. Nikaitoboa matundu. Meneja alipoiona akasema masharti yanataka kitambaa, tabaka tatu, na matundu ni kinyume cha kila kitu. Mzee alikuwa na kifaa cha sikio alichokificha kabatini, akakijaribu, kikapiga mluzi hadi mbwa wakaja. Tukajaribu ishara za mikono. Kugusa nyusi ni "mtu yule", kugusa kiwiko ni "nilikuwa nimechoka". Siku ya pili nzi alimsumbua mke wangu, na Mzee akaruka kurasa tatu.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Nilikuwa peke yangu uani nalifungua friji la kizamani, na friji la kizamani lina kitabu chake cha maelezo kilichobandikwa nyuma. Mimi kitabu cha maelezo nakisoma neno kwa neno. Mafundi wengi wameunguza mota kwa kusoma nusu ya sentensi. Nikaenda ndani nikachukua karatasi ya masharti, nikaisoma kama kinavyosomwa kitabu cha friji.

"Mama watoto," nikamwita. "Njoo usome hapa mwisho."

"Nimeshaisoma mara mia."

"Soma mwisho. Wataruhusiwa kuvua waliopo wapi?"

"Jukwaani."

"Basi panda jukwaani."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake.

"Hakimu gani hana karani?" nikamwambia. "Mle ndani anasema 'karani, andika' mara tisa, na hakuna mtu anayeandika. Yule anayeigiza mlinzi wa mahakama si amepata kazi ya kusambaza vifurushi, harudi? Basi kwenye wale watano nafasi ipo. Karani anakaa chini ya hakimu, ana meza, ana daftari, gauni lake ni jeusi. Karani anamtazama hakimu usoni siku nzima, ndiyo kazi yake."

"Sipandi."

"Kwa nini?"

"Miaka ishirini na sita sijaonekana, Fundi. Mtu akiniona mimi, basi nimekosea kazi. Siwezi kukaa pale watu wananitazama nikichezesha midomo. Sipandi."

Na alimaanisha. Sikujua mpaka siku ile kwamba mke wangu, anayeweza kumrudisha mwuza samaki toka mwisho wa mtaa kwa kumwita mara moja, anaogopa macho ya watu. Tulibishana mpaka chakula kikapoa, nikamwambia maneno ambayo sasa nayaonea aibu, kwamba basi aende akamwambie Mzee mwenyewe kwamba anaona haya. Akainuka, akavaa viatu, akaenda nyumba ya tatu. Hakunieleza walisema nini. Aliporudi akatoa gauni sandukuni, akachomeka pasi.

Meneja alikubali upesi, tena akawatangazia kwenye kundi kwamba amepata wazo la kumweka karani. Niliuma ulimi hadi leo una kovu.

Siku ya onyesho nilikaa safu ya tano. Viti viwili kila upande wangu vilikuwa vimefungwa utepe kama maiti. Watu sitini, kila mmoja kisiwa chake, barakoa sitini, na jua la alasiri likipenya kwenye nyufa za milango. Pazia likafunguka. Mke wangu alikuwa pale mbele ya meza ya hakimu, na kalamu, na lile daftari. Kalamu alikuwa ameishika kinyume. Mimi niliiona, wengine sijui. Mzee Radi akaingia na joho, na sauti yake ikajaa ule ukumbi mtupu mpaka ukaacha kuwa mtupu.

Alisahau mara mbili saa ya kwanza. Mara zote mbili midomo ya mke wangu ilicheza kidogo, yeye akiwa ameinua uso kama karani anayengoja kuandika, na Mzee akadaka, hakuna aliyejua. Nilianza kupumua. Nilipoangalia pembeni nikamwona Meneja amesimama na daftari lake mwenyewe, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Halafu tukafika pale. Nilijua tumefika kabla ya Mzee, kwa sababu midomo yangu ndani ya barakoa ilikuwa imeanza yenyewe.

"Mtu yule," akasema Mzee Radi, na akasimama.

Mke wangu akangoja pumzi moja na nusu, ndiyo desturi ya kazi yao. Kisha akainua uso, midomo ikacheza: aliniambia ukweli. Mzee alimtazama. Hakuchukua. Akampa tena, polepole zaidi: aliniambia ukweli saa kumi na moja. Mzee akamtazama tu, moja kwa moja, na nikaona Meneja amefunga daftari lake. Nilishika kiti cha mbele. Nilitaka kuinuka niyaseme mimi, na Mungu ananijua, ningeyasema yote bila kukosea.

"Karani," Mzee akasema.

Neno hilo halikuwa kwenye maandishi. Nilijua. Mke wangu alijua, uso wake ulibadilika.

"Karani, simama. Masikio yangu yamekwisha. Miaka minane sasa sisikii, na kila hukumu iliyosifiwa humu ndani niliisoma kwenye mdomo wako. Watu hawa hawakujui. Simama, uisome hii ya leo wewe, na uisome kwa sauti."

Watu waliona ni mchezo. Hakimu mzee anakiri, basi anakiri na hili. Mke wangu alibaki amekaa. Nilihesabu mpaka tano. Kisha akasimama, daftari mkononi, akageuka nusu kuwatazama watu, Mzee bado aweze kuuona mdomo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu siku ya kwanza aliyoingia katika jengo lile.

"Mtu yule," akaanza, na sauti haikutoka. Akaanza upya. "Mtu yule aliniambia ukweli saa kumi na moja jioni, nami nilikuwa nimechoka, nikataka kwenda nyumbani."

Aliisoma yote, dakika kumi, mpaka mwisho. Haikuwa sauti ya mwigizaji. Ilikuwa sauti ninayoijua mimi, inayouliza kama nimefunga mlango wa uani, na alipofika mahali hakimu anapoomba msamaha kwa mtu aliyekwisha kufa, bibi mmoja safu ya mbele yangu alivua miwani. Mzee Radi alikuwa ameinamisha kichwa, ila macho yake hayakuuacha mdomo wa mke wangu hata kidogo. Nililia ndani ya barakoa, na kulia ndani ya barakoa ni adha, hakuna pa kupangusia.

Watu sitini walipiga makofi kama mia tatu. Meneja alimpa mkono kila mtu kwa kiwiko na kusema alijua tangu mwanzo.

Tulitembea kurudi nyumbani jua lingali juu. Nilidhani nitamkuta ana furaha. Alikuwa anatembea mbele yangu kwa hasira, gauni linampiga miguuni.

"Ameyavunja maandishi," akasema. "Miaka ishirini na sita sijampoteza mwigizaji hata mmoja. Leo mbele ya watu, nampa neno, ananitazama, halichukui."

"Alisahau, mama. Alibanwa, akajitafutia njia."

Akasimama katikati ya barabara.

"Hakusahau. Aliyesahau macho yake huhama, hutafuta. Yake hayakuhama. Alikuwa nayo maneno yote, Fundi. Kwa nini amenifanyia vile?"

Tulipofika akakaa kwenye kigoda chake uani, viatu mkononi, kati ya mafriji, na ndipo simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mzee Radi, nukta na mkato zimekaa mahali pake. Aliusoma, akanipa simu, akafunika uso kwa gauni.

Mzee aliandika: "Mwanangu, nisamehe. Nilitaka wakujue, kabla hawajatufungia tena."

Walitufungia baada ya siku tisa.